Mgeni Asiyebisha Hodi: Vigeu vya Mazingira na Makao ya Faili ya Usanidi

Kila programu ya tarakilishi itumiwayo na watu wengi hukabiliwa na swali moja kabla haijatenda lolote la maana: matakwa ya anayeiendesha yameandikwa wapi? Matakwa hayo ni mengi na ya namna namna. Yupo apendaye herufi kubwa, yupo atakaye tarehe ianze na siku badala ya mwezi, na yupo ambaye kazi zake zimehifadhiwa katika seva ya idara wala si katika mashine iliyo mbele yake. Hayo yote hayawezi kufumwa ndani ya programu yenyewe, maadamu programu ni moja ilhali watumiaji ni maelfu. Ndiposa yakatengwa kando, katika faili ndogo ya maandishi ambayo wataalamu huiita faili ya usanidi. Programu huisoma faili hiyo ianzapo kazi, ikajua inavyotakikana kuwa, kisha ikaendelea. Tatizo ni kwamba ili iisome, sharti kwanza ijue ilipo.

Jawabu lililo jepesi kwa mtayarishaji wa programu ni kuipigilia anwani ya faili hiyo ndani ya msimbo, mithili ya msumari ukutani: faili iko hapa na haitakuwa kwingine. Jawabu jingine ni kumtaka mtumiaji aitaje anwani hiyo kila aitapo programu, jambo ambalo humchosha upesi. Lipo jawabu la tatu, nalo ndilo makala haya yanalolitetea: programu iyaulize mazingira inamozaliwa. Mgeni mwenye adabu afikapo mji asioujua hubisha hodi, akauliza maji yako wapi na pa kulala ni wapi. Hajiingilii tu jikoni kwa kuwa jiko la kwao lilikuwa upande wa kushoto.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akashangaa mjadala huu unatafuta nini katika kurasa hizi. Jibu ni kwamba utaratibu uo huo unaoielekeza programu kwenye faili yake ya usanidi ndio unaoiambia iseme lugha gani. Anayetaka tarakilishi izungumze Kiswahili, na wengi katika vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu wamedai hivyo kwa miaka mingi, hana budi kuufahamu mlango ambamo Kiswahili huingilia.

Kigeu cha mazingira ni kitu sahili mno. Ni jina na thamani yake, vilivyotenganishwa na alama ya usawa, basi. HOME=/home/asha ni kigeu kiitwacho HOME, na thamani yake ni anwani ya saraka ambamo Asha huweka faili zake. Kigeu cha PATH hubeba orodha ya saraka zinamotafutwa amri mtumiaji anapoandika jina la programu. Mpangilio huu uliingia katika mfumo wa Unix kwa toleo la saba la mwaka wa 1979, uliotoka katika maabara za Bell nchini Marekani, na kutoka hapo ukaenea katika takriban kila mfumo endeshi uliofuata. Jambo la kuzingatia ni namna vigeu hivi vinavyorithiwa. Programu moja inapoizaa nyingine, humkabidhi mtoto nakala ya vigeu vyake vyote. Mtoto anaweza kuibadilisha nakala yake apendavyo bila kuigusa ya mzazi, na wajukuu watarithi ile ya mtoto. Kwa hivyo mtumiaji anaweza kuyatengeneza mazingira mara moja tu, asubuhi anapoingia katika mashine, na kila programu itakayozaliwa siku hiyo ikayakuta yako tayari. Anaweza pia kuiendesha programu moja katika mazingira tofauti kwa dakika mbili, kisha mazingira hayo yakafa pamoja nayo.

Kabla ya desturi hii kuimarika, na hata baada yake, mambo yalienda shaghalabaghala. Faili nyingi za usanidi katika Unix huishia na herufi rc, na asili ya herufi hizo ni RUNCOM, chombo alichokiandika Louis Pouzin katika Chuo cha MIT miaka ya 1960 ili kuendesha msururu wa amri zilizoandikwa katika faili. Programu baada ya programu ziliiweka faili yake ya rc moja kwa moja katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji, jina likianzia kwa nukta ili lisionekane katika orodha ya kawaida. Kisa cha nukta hiyo ni cha kuchekesha kidogo. Rob Pike, mmoja wa wahandisi waliofanya kazi katika maabara hizo za Bell, alieleza mnamo 2012 kwamba ufichaji huo haukukusudiwa na yeyote. Aliyeiandika amri ya kuorodhesha faili alitaka kuziruka alama mbili tu, nukta moja inayowakilisha saraka yenyewe na nukta mbili zinazowakilisha saraka iliyo juu yake. Akachukua njia ya mkato: akaangalia herufi ya kwanza pekee. Kila jina lililoanza na nukta likatoweka machoni, na watayarishaji wa programu wakapata uficho wa bure. Leo mtu akizifichua faili hizo nyumbani mwake atakuta kadhaa wa kadhaa, nyingine zikiwa za programu alizokwisha kuziondoa miaka mitano iliyopita.

Mapema katika miaka ya 2000 kundi la freedesktop.org lilitoa mwongozo uitwao XDG wa saraka za msingi, uliokusudiwa kuiondoa fujo hii. Mwongozo huo unasema programu ikitaka faili ya usanidi ya mtumiaji na ikitazame kigeu cha XDG_CONFIG_HOME. Iwapo kigeu hicho hakikuwekwa, au kimewekwa kikiwa kitupu, basi programu iende katika saraka ya .config iliyo chini ya HOME. Faili za usanidi wa mashine nzima hutafutwa kwa kigeu kingine, XDG_CONFIG_DIRS, ambacho kisipowekwa huchukuliwa kuwa /etc/xdg. Mwongozo unaongeza sharti ambalo wengi hulisahau: anwani iliyo katika kigeu sharti iwe kamili, kuanzia kwenye mzizi wa mfumo, na isipokuwa hivyo programu iipuuze. Sharti hilo lina busara. Anwani isiyo kamili hubadilika maana kila mtu anapohama kutoka saraka moja hadi nyingine, na programu inaweza kujikuta ikisoma usanidi wa jirani.

Wanaotetea msumari ukutani husema kuwa anwani isiyobadilika ni rahisi kueleza, na kwamba fundi akiitwa hujua moja kwa moja pa kutazama. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ukuta wenyewe haungehama, ilhali huhama. Katika Windows XP faili za watumiaji zilikuwa chini ya C:\Documents and Settings. Mnamo Januari 2007 Windows Vista ikatolewa kwa umma, na faili hizo zikahamia C:\Users. Ikabidi Microsoft iweke viungo vya siri vya kuzielekeza programu kaidi kutoka anwani ya zamani hadi ile mpya. Programu zilizokuwa zikiuliza kupitia kigeu cha APPDATA hazikuhisi mabadiliko yoyote.

Isitoshe, jambo hili lilikuwa na sura ya lugha hata kabla ya Vista. Katika toleo la Kijerumani la Windows XP, kabrasha la programu halikuitwa Program Files bali Programme, na lile la watumiaji liliitwa Dokumente und Einstellungen. Mtayarishaji aliyeandika majina ya Kiingereza katika msimbo wake alikuwa amechukulia, pengine bila kujua, kwamba kila tarakilishi ulimwenguni huzungumza Kiingereza. Alipouza programu yake Berlin, ikagonga ukuta. Wanafunzi wa isimujamii wanaoandika tasnifu kuhusu ubeberu wa lugha wangepata hapa mfano usiohitaji nadharia nyingi: dhana nzima ya lugha ya kawaida ya dunia imejificha katika mstari mmoja wa msimbo.

Madhara yake hayaishii katika usumbufu. Tarehe 30 Julai 2019, watunzaji wa OpenSSL, maktaba ya programu inayolinda mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti, walitangaza kasoro iliyosajiliwa kwa nambari CVE-2019-1552. Maktaba hiyo hubeba ndani yake anwani ya saraka iliyo na faili yake ya usanidi pamoja na vyeti vya kuaminika. Katika matoleo fulani yaliyoundwa kwa ajili ya Windows kwa zana ziitwazo mingw, anwani hiyo ilikuwa imerithiwa kutoka Unix: /usr/local. Kwenye Unix, mahali hapo hulindwa na msimamizi wa mfumo. Kwenye Windows anwani hiyo hugeuka kuwa C:/usr/local, mahali ambapo aghalabu hapapo kabisa, na ambapo mtumiaji yeyote wa kawaida huenda akaruhusiwa kupaunda. Mwenye nia mbaya angeweza kuiunda saraka hiyo, akaweka humo usanidi na vyeti vyake, na programu ikavisoma kwa imani. Watunzaji wenyewe waliihesabu kasoro hiyo kuwa ya kiwango cha chini, na wasingependa itiwe chumvi. Hata hivyo chanzo chake ni kile kile: anwani ya nchi moja kubebwa hadi nchi nyingine bila kuuliza.

Karibu na nyumbani, athari hudhihirika zaidi katika maabara za vyuo. Mwanafunzi asiye na tarakilishi yake hutegemea mashine za pamoja, leo hii na kesho ile. Hana mamlaka ya kuandika chochote katika saraka za mfumo, na hapaswi kuwa nayo. Programu iliyopigiliwa anwani ya faili yake katika saraka ya mfumo inamwambia kwa lugha ya kimyakimya kwamba haikutengenezwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mwenye mashine. Programu inayouliza humruhusu auweke usanidi wake katika saraka yake mwenyewe ndani ya seva ya chuo, au hata katika kidude cha kuhifadhia data alichokining'iniza shingoni, kisha akakielekeza kigeu huko. Watu thelathini wakaitumia mashine moja, kila mmoja na matakwa yake, pasipo hata mmoja kumwomba msimamizi ufunguo. Hili si suala la ufundi mtupu. Ni swali la nani ana haki ya kuiamuru tarakilishi.

Haki hiyo inahusu lugha pia. Katika mifumo ya jamii ya Linux, programu inayotaka kujua iseme lugha gani hutazama vigeu kadhaa kwa zamu: LC_ALL, kisha kigeu cha eneo mahususi kama vile LC_MESSAGES, kisha LANG. Thamani sw_KE humaanisha Kiswahili cha Kenya, na sw_TZ Kiswahili cha Tanzania, kukiwa na tofauti za mambo kama alama ya sarafu. Zana za GNU zina kigeu kingine, LANGUAGE, kinachokubali orodha ya lugha kwa kipaumbele, hivi kwamba mtu anaweza kuomba Kiswahili kwanza na Kifaransa pale ambapo Kiswahili hakipo. Baada ya kuuliza, programu huenda katika saraka kama /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES na kutafuta humo kapu la tafsiri zake. Isipolikuta, hurudi kwenye lugha ya aliyeiandika, ambayo karibu daima ni Kiingereza.

Mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kupigiwa mfano. Lakini tafsiri, hata iwe bora kiasi gani, huwa kama kitabu kilichofungiwa kabatini ikiwa hakuna aliyeweka kigeu cha kuielekeza programu kwayo. Mashine nyingi za umma huwekwa en_US siku ya kwanza na kuachwa hivyo hadi zinapochakaa. Wenye kudai kwamba Kiswahili hakifai kwa tarakilishi mara nyingi hawajapata kuiuliza tarakilishi hiyo iseme Kiswahili.

Pamoja na hayo, wapinzani wa vigeu vya mazingira wana hoja ambazo haifai kuzifumbia macho. Iliyo nzito zaidi ni kwamba kigeu hakionekani. Faili huonekana na hufunguliwa. Kigeu hurithiwa kimya kutoka kwa mzazi, babu, au amri iliyosahauliwa katika faili ya kuanzishia kazi. Fundi anaweza kushinda siku nzima akiihariri faili ya usanidi isiyosomwa na yeyote, kwa kuwa kigeu kimoja kimeielekeza programu kwingine. Kinyume chake hutokea pia. Kazi inayoendeshwa usiku na mpangaji wa ratiba aitwaye cron huzaliwa katika mazingira maskini yenye vigeu vichache tu, na programu iliyofanya kazi vizuri mchana ikashindwa usiku wa manane. Amri ya sudo nayo, kwa kawaida, huwafuta wengi wa warithi hao kabla ya kumpa mtu mamlaka ya msimamizi.

Inafuta kwa sababu nzuri. Anayekidhibiti kigeu huidhibiti faili itakayosomwa, na anayeidhibiti faili anaweza kuidhibiti programu. Programu inayofanya kazi kwa mamlaka makubwa kuliko ya aliyeiita haipaswi kumwamini aliyeiita kuhusu mahali pa usanidi. Ndiyo maana programu ya ssh, ambayo hushika funguo za watu, haikitegemei kigeu cha HOME kuitafuta faili yake ya usanidi, bali huuliza katika rejista ya watumiaji ya mfumo. Septemba 2014 dunia ilipata funzo la jinsi mazingira yanavyoweza kutiwa sumu, pale kasoro iliyopewa jina la Shellshock ilipogunduliwa katika Bash. Programu hiyo ilikubali kupokea vitendaji kupitia vigeu vya mazingira, na ilipomaliza kukisoma kitendaji iliendelea kuyatekeleza maandishi yaliyofuata. Kwa kuwa seva nyingi za wavuti ziliyaweka maneno ya mgeni katika vigeu, mgeni wa mbali aliweza kuiamuru mashine isiyokuwa yake.

Hoja hizi zinadai adabu zaidi, si kurudi kwenye msumari. Adabu ya kwanza ni programu kutangaza ilichosoma. Git, inayotumiwa kutunza historia ya misimbo, ina chaguo la kuonyesha kila mpangilio umetoka katika faili gani. Ssh ikiombwa iseme kwa kirefu hutaja kila faili ya usanidi iliyoifungua. Kasoro ya kutoonekana huponywa hivyo kwa mstari mmoja wa maandishi, na ni ajabu kwamba programu nyingi bado hazina mstari huo. Programu pia iwe na mpangilio wa kutafuta unaojulikana na kuandikwa: kilichotajwa katika amri kiwe juu ya kigeu, kigeu kiwe juu ya faili ya mtumiaji, na faili ya mtumiaji iwe juu ya ile ya mfumo mzima.

Hapa pana tofauti ya maoni isiyo ndogo. Kigeu kikitaja faili ambayo haipo, programu ifanye nini? Wapo wasemao iendelee kimya na kuitumia faili ya kawaida, ili mtumiaji asikwazwe. Huo ni wema wa mashaka. Mtu aliyekiweka kigeu ametoa agizo, na agizo lisilotekelezeka linastahili kujibiwa. Programu ikinyamaza na kuchukua usanidi mwingine, mtumiaji atadhani anaandika katika hifadhidata ya majaribio, kumbe anaifuta ile ya kweli. Ni bora isimame na kulalamika.

Kuna pia waliozidisha dawa. Mwaka wa 2011 wahandisi wa kampuni ya Heroku walitoa mwongozo wa kanuni kumi na mbili za kutengeneza programu za mtandaoni, na mojawapo ikashauri usanidi wote, wala si anwani ya faili peke yake, uwekwe katika vigeu vya mazingira. Kwa programu ndogo inayohamahama kati ya seva, ushauri huo una mantiki. Lakini kigeu ni kamba ya herufi tu. Hakina nafasi ya maelezo, hakina ngazi, na hurithiwa na kila mtoto, awe anakihitaji au hakihitaji. Nywila iliyowekwa humo hutembea hadi katika programu ambazo hazikupaswa kuijua, na mara kwa mara huishia katika ripoti za hitilafu. Kigeu kinafaa kusema faili iko wapi, na faili, iliyolindwa kwa ruhusa zake, ndiyo iseme yaliyosalia. Programu ya kubectl hutumia njia hii kwa kigeu cha KUBECONFIG, ambacho hata huweza kutaja faili kadhaa zikaunganishwa. Git nayo, tangu toleo la 2.32 la mwaka wa 2021, ina GIT_CONFIG_GLOBAL.

Imebaki kazi ya istilahi, na hii ni ya watu wa Kiswahili hasa. Neno kigeu limekwisha kuzoeleka katika hisabati, nalo linatosha. Mazingira lina utata, kwani msomaji wa Kenya alisikiapo hufikiria misitu na jina la Wangari Maathai kabla ya kufikiria mashine. Hata hivyo si neno baya: maana yake ya asili ni yale yanayokizunguka kitu, na vigeu hivi ndivyo vinavyoizunguka programu inapozaliwa. Lenye upungufu mkubwa zaidi ni lugha ya ujumbe wa makosa. Mtafsiri anayepewa kapu la ujumbe wa Kiingereza hutafsiri "faili haikupatikana" na kuendelea na mstari unaofuata, akimwacha mwanafunzi wa maabara gizani katika lugha mbili badala ya moja. Miradi ya programu huria hupokea mapendekezo kutoka kwa watafsiri. Mtafsiri wa Kiswahili anaweza kuwaandikia watunzaji na kuomba nafasi mbili ziongezwe katika ujumbe huo, moja ya jina la kigeu na nyingine ya anwani, ili programu iweze kusema: "Faili ya usanidi iliyotajwa na kigeu cha XDG_CONFIG_HOME haipo katika /home/asha/mipangilio, angalia kigeu hicho au uiunde faili hiyo."